Vidole vya Mguu Mzima

3 Machi 1975, Jumatatu

Leo tumeondoa mifuko ya mchanga kwenye mguu wa Werema. Wiki kumi na tatu mguu ule umevutwa kwa kamba, na mfupa wa paja umeunga vizuri. Mganga wetu, Bwana Machage, aliugonga kwa kidole akasema, "Mfupa tayari. Goti sasa ni lako, Agustina." Langu! Mimi ndiye wa kwanza aliyesomea mazoezi ya viungo kuletwa kituo hiki cha afya, na watu bado wananiita msichana wa kukanda.

Nilipima kwa protrakta ya shule na rula mbili, maana kipimo chenyewe kiliagizwa mwaka jana na hakijafika. Goti linakunja nyuzi ishirini. Ishirini tu. Tisini ndiyo mtu aweze kukaa kwenye kiti kama mtu.

Werema ana miaka kama hamsini, anatoka kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Gorong'a. Walipewa mpaka mwisho wa Novemba wawe wamehama wote, mvua inanyesha, naye akapanda kuezeka nyumba yake juu ya miti yenye utelezi. Hasimulii zaidi ya hapo. Anasema, "Nilipanda, nikashuka."

Daktari wa mkoa ameacha maagizo: atarudi tarehe 5 Mei. Goti lisipofika tisini atamchukua mgonjwa, atamlaza usingizi wa dawa na kulikunja kwa nguvu. Nilipokuwa masomoni Moshi niliona goti moja likikunjwa hivyo, na mfupa ukavunjika palepale ulipokuwa umeunga. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo.

Nilimuuliza, kama tulivyofundishwa, "Mzee, goti unalitaka la kufanyia nini?"

"La kukalia kigoda," akajibu. Wenzake wa rika lake hukaa kwenye vigoda kuzunguka chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake. Je, yeye asimame pembeni kama askari wa zamu?

4 Machi

Nyuzi 22. Sikulala vizuri.

7 Machi

Kila asubuhi naanza hivi: "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Namlaza kifudifudi, nashika kifundo cha mguu, nakunja polepole. Namwambia, "Ukisikia maumivu, useme." Nakunja. "Inauma?" "Haiumi." Naongeza. "Inauma?" "Haiumi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili ni Rubeni, kijana aliyevunjika mkono kwa baiskeli. Huyo nikimgusa tu anamwita mama yake mpaka wa wodi ya wazazi wanachungulia. Jamani, laiti wagonjwa wote wangekuwa kama Werema.

Nyuzi 27.

13 Machi

Nyuzi 35. Mvua imeanza kweli sasa, kila siku saa tisa.

20 Machi

Nyuzi 48! Bwana Machage amenisifu mbele ya watumishi wote kwenye mkutano wa asubuhi. Alisema kazi yangu ndiyo kujitegemea kwenyewe, maana sisi hatuna mashine wala umeme, tuna mikono tu. Niliangalia chini kwa haya, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Rubeni naye akasema, "Sista, huyu mzee hana nyama mguuni, ana mti." Werema hata hakugeuka.

Nikipiga hesabu, kwa mwendo huu tutafika tisini kabla ya katikati ya Aprili. Nimepiga hesabu hiyo mara nne leo. Hesabu ni ileile, lakini situlii.

26 Machi

Sitini. Leo niliweka uzito wangu wote, nikaegemea kabisa. Kitu kidogo kikalia ndani, kama uzi unaokatika. Nikauliza, "Inauma?" "Haiumi." Nimechora nyota kwenye faili lake.

28 Machi, Ijumaa Kuu

Mungu wangu.

Nimeingia wodini asubuhi, nikakuta goti limejaa kama limevikwa shuka. Lina moto. Nimepima: nyuzi 30. Thelathini! Nimepima tena nikidhani protrakta imeteleza. Juu kidogo ya goti, ndani ya nyama ya paja, kuna kitu kigumu, ukubwa wa yai la kuku. Jana hakikuwepo. Au kilikuwepo, na mimi nilikuwa naangalia nyuzi tu?

Mwalimu wetu kule Moshi alituambia mara moja, na mara hiyo ilinitosha: msuli uliopakana na mfupa uliovunjika ukilazimishwa, damu inavia ndani, na damu ile inaweza kugeuka mfupa. Hapo goti linafungwa maisha. Hakuna cha kulifungua, si mikono yako wala kisu cha daktari.

Bwana Machage akaja, akagusa, akakunja uso. "Imekuwaje?"

Nikasema, "Labda amejigonga kwenye chuma cha kitanda usiku."

Nimeyasema hayo kwa mdomo wangu, siku ya Ijumaa Kuu. Werema alikuwa palepale, macho wazi, ananisikia. Hakusema neno.

30 Machi, Pasaka

Nimekwenda kusali, nikaimba bila kujisikia sauti. Nilikuwa nawaza yai lile.

1 Aprili

Leo nimefundishwa kazi yangu na mtu asiyejua kusoma.

Mama Wegesa, mke wa Werema, huja Jumanne na Ijumaa na kikapu cha chakula, kwa miguu, mvua iwe isiwe. Leo alikuta nambandika mumewe vitambaa vya maji baridi. Akafunua, akaangalia goti, akanivuta mpaka uani kwenye kibanda cha kupikia.

"Umemfanya nini?"

Nikamweleza: nilikunja, nikamuuliza kila mara kama inauma, akasema haiumi.

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemwaga maziwa. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Issenye, mama."

"Na huko kwenu mwanamume anasema inauma?"

Na kwetu pia hasemi. Lakini nilikuwa nimevaa sare, nina cheti cha Moshi, nikadhani sare inabadilisha watu.

"Huyu," akasema, "alitahiriwa na wenzake ishirini na watatu, watu wote wanatazama. Hakupepesa jicho. Baba yake alipewa heshima kwa ajili ya jicho lile. Unafikiri atalipepesa leo kwa ajili yako, msichana wa juzi? Alipoanguka kwenye nyumba mfupa ulikuwa unaonekana chini ya ngozi, na yeye ananiuliza mimi kama mbuzi wamefungwa."

"Sasa mimi nitajuaje, mama?" Nilikuwa karibu kulia, na nilisema hivyo waziwazi: naogopa nimemharibu.

Hapo uso wake ukalegea kidogo. "Usiangalie mguu mgonjwa. Huo anaulinda. Usiangalie uso, huo ndio kabisa. Angalia vidole vya mguu mzima. Miaka ishirini na nane nimelala na mtu huyu. Kikimuuma kitu, kidole kikubwa cha mguu mzima kinapanda juu ya cha pili. Yeye mwenyewe hajui."

Tukarudi wodini. Nikaligusa goti kidogo tu, kwa ncha za vidole, huku naangalia mguu wa pili. Kidole kikubwa kikapanda juu ya mwenzake, kikakaa hapo.

"Inauma?" nikauliza.

"Haiumi."

Wiki tatu! Wiki tatu kidole kile kilikuwa kinapiga kelele, na mimi nachora nyota.

3 Aprili

Nimesimamisha kukunja. Vitambaa baridi, mguu kwenye mto. Nimemfundisha kukaza msuli wa paja bila kusogeza goti. Yai bado gumu.

Bwana Machage anauliza mbona sipimi. Nimesema uvimbe kwanza. Hilo ni kweli, na bado si kweli yote.

8 Aprili

Nilimweleza Werema habari za usingizi wa dawa, ili ajue kitakachofuata tusipofika tisini. Nilidhani atafurahi, watu wengi hupenda habari ya kulala wakaamka imekwisha. Nikaanza kukunja vitambaa.

"Mtu akiwa kwenye usingizi ule," akauliza, "anasema maneno?"

"Wengine, mzee. Wanaropoka kidogo."

"Analia?"

Nikasema wengine hulia, na hawakumbuki.

"Wao hawakumbuki. Wanaosikia je?" Akageukia ukutani. "Afadhali goti life."

Kwa hiyo tarehe 5 Mei kuna mambo mawili tu: akubali kupelekwa na mfupa uvunjike, au akatae na abaki na gogo maisha yake yote. Na aliyemfikisha hapo ni mimi.

9 Aprili

Ugali wa unga wa njano tena. Sikumaliza.

11 Aprili

Mama Wegesa hakuja. Mto umejaa. Werema hakusema kitu, lakini kidole kilikuwa juu ya kidole muda wote, na sikuwa nimemgusa.

14 Aprili, Jumatatu

Nimesema.

Nilianza kwa Bwana Machage, ofisini, nimesimama. "Bwana Mganga, hakujigonga kitandani. Ni mimi. Niliegemea goti kwa uzito wangu tarehe 26, nikasikia kitu kimekatika, na bado nikachora nyota." Mvua ilikuwa inapiga bati, nikawaza sasa atanirudisha Issenye kwa barua. Akafungua faili, akanisogezea kalamu. "Andika kama ulivyosema. Nyota uifute." Basi, hilo tu. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Mimi niliwahi kufunga plasta mkono usiovunjika." Sikujua nicheke au nifanyeje.

Kisha nikaenda wodini. Rubeni alikuwepo, ananyoosha shingo. Nikasema hivyo hivyo. "Mzee, nilikuumiza. Kisha nikadanganya mbele yako. Naomba unisamehe."

"Nilijua," akasema Werema.

"Ulijua?"

"Goti ni langu. Nilikuwepo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Rubeni akacheka mpaka akashika mkono wake uliovunjika, akaanza kulia. Werema naye, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, akacheka. Nami nikacheka na machozi yananitoka.

Ndipo nikamweleza nilichopaswa kumweleza siku ya kwanza. Maumivu mimi siyatafuti ili nimpime ushujaa, na si adui wa kufukuzwa. Kuna maumivu ya msuli unaoamka, hayo tunatembea nayo. Kuna maumivu ya kitu kinachochanika, hayo tunayasimamia. Mikono yangu haiwezi kuyatofautisha bila yeye. Asiponiambia, ninakunja gizani.

Alifikiri. "Neno lile mimi silisemi."

"Basi sema lingine."

Akatazama dirishani, mvua imeshika mlima wote. "Nitakwambia kunavyonyesha," akasema.

15 Aprili

Sasa tuko hivi. Manyunyu: endelea. Rasharasha: kaa hapohapo, usiongeze. Mvua kubwa: rudi nyuma. Mvua ya mawe: kimbia. Nami sigusi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anaushusha mguu mwenyewe, mguu mzima unaubeba ule mgonjwa kwa chini. Mimi napiga magoti sakafuni naangalia kidole. Akisema manyunyu na kidole kimepanda, nasema, "Mzee, huko kwako kunanyesha zaidi ya hapo." Anakasirika. "Wewe na mke wangu!"

Nyuzi 32.

21 Aprili

Nyuzi 45. Yai limekuwa laini pembeni, katikati bado. Naligusa kila siku kama kuku anayeatamia.

28 Aprili

Nyuzi 54. Wiki moja imebaki. Nimepiga hesabu: hatufiki. Nimepiga tena: hatufiki. Kishawishi kilinijia leo, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifundo. Kusukuma kidogo tu. Nikaiweka mikono mifukoni.

2 Mei

Nyuzi 58. Mvua haikatiki. Watu wanalalamika maharage yanaoza shambani.

5 Mei, Jumatatu

Daktari hakuja. Daraja limefunikwa na maji, na Landrova yake imerudia njiani.

Mungu anisamehe, watu wanalia maharage na mimi nilijifungia stoo ya bandeji nikaruka ruka kwa furaha.

6–14 Mei

Mvua. 61. Mvua. 64. Mvua. 64 tena. 67. Mama Wegesa amefika amelowa mpaka kiunoni. Akaangalia kidole kabla hajamsalimu mumewe. 70. Rubeni ameruhusiwa, ameondoka anawaaga watu kwa kusema "manyunyu tu, manyunyu tu". Nimemwonya asitangaze huko nje. Ameapa. Simwamini hata kidogo.

17 Mei

Jua tangu asubuhi. Barabara inakauka. Nimelichukia jua lile kwa moyo wote.

Nyuzi 76.

22 Mei, Alhamisi

Daktari amekuja.

Jana tulikuwa 83. Sikulala. Asubuhi nilimfundisha Werema jambo moja tu: "Mzee, daktari hajui habari za mvua. Ukimwambia manyunyu hataelewa." Akasema, "Ataelewa."

Daktari ni mtu wa haraka, mrefu, mikono mikubwa. Akaingia na Bwana Machage, wauguzi wawili, na nyuma yao wazee watatu wa rika la Werema waliokuja kumjulia hali siku hiyohiyo kati ya siku zote. Walisimama mlangoni na fimbo zao.

Daktari akashika kifundo, akakunja. Sabini. Themanini. Kidole kikubwa cha mguu mzima kikaanza kutikisika. Themanini na mbili.

"Rasharasha," akasema Werema.

Daktari akatazama dirishani. Nje jua kali. Akaendelea. Themanini na nne.

"Mvua kubwa."

"Ndiyo, ndiyo, mmenyeshewa sana mwaka huu," akasema daktari, akaongeza. Kidole kikapanda juu ya mwenzake, kikagandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. Nikasema, "Daktari, naomba..." Hakunisikia. Alikuwa anahesabu, anaitafuta tisini yake, kama mimi mwezi wa tatu. Niliona bega lake linainama. Najua kuinama kule. Nilifungua mdomo kupiga kelele.

"Inauma."

Sauti haikuwa kubwa. Mlangoni fimbo moja ilianguka sakafuni.

"Inauma, daktari," Werema akarudia, anamtazama usoni, macho hayapepesi. "Acha."

Daktari akaacha. Nyuzi 86.

Wazee wale watatu walitazama miguu yao. Mimi nilitaka kumfunika Werema kwa mwili wangu wasimwone.

"Inauma wapi?" daktari akauliza, sasa kwa sauti nyingine. Werema akaonyesha kwa kidole: hapa mbele inavuta, hiyo si neno, hapa juu ya goti inachoma, hiyo ndiyo mbaya, na ilianza kabla ya Pasaka. Daktari akapapasa pale palipokuwa na yai. Akapapasa tena. Akanitazama.

"Nani alilazimisha?"

"Mimi," nikasema. "Imeandikwa kwenye faili."

Akasoma. Akasoma na mistari ya manyunyu na rasharasha, na nyuzi zake pembeni, siku thelathini na nane. Akafunga faili. "Hapa hapajageuka mfupa. Pangegeuka." Akamwambia Bwana Machage, "Huyu simlazi usingizi. Mgonjwa anayeweza kuniambia hivi, namkunjia nini akiwa hajitambui? Aendelee na huyu binti."

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya kibanda cha kupikia, nikalia kwa sauti, bila aibu yoyote. Huko wodini mtu alikuwa amelia kwa neno moja mbele ya rika lake, na neno hilo mimi ndiye nililimwomba.

23 Mei

Werema hasemi. Anafanya mazoezi, anasema manyunyu, anageukia ukutani. Wazee wale waliondoka jana bila kuaga vizuri.

30 Mei

Nyuzi 91. Ameruhusiwa. Ameondoka na fimbo, Mama Wegesa na kikapu mbele. Tisini na moja, na sikuchora nyota.

Nawaza kama nimempa goti nikamnyang'anya kigoda.

14 Juni, Jumamosi

Nilichukua baiskeli ya kituo kwenda kumkagua nyumbani. Kweli, nilikwenda kuona kama anakaa peke yake. Njia imekauka lakini imeacha mitaro, na karibu na kijiji gurudumu likaingia kwenye mmoja wao, nikaanguka vibaya, kifundo cha mguu chini yangu. Nikasimama, nikaisukuma baiskeli, natabasamu kwa kila niliyekutana naye.

Nyumba imeezekwa. Nyuma yake, kivulini mwa ukuta, kulikuwa na chungu, na wazee wanne wamekizunguka na mirija. Wawili kati yao niliwajua kwa fimbo zao. Werema alikuwa kwenye kigoda. Amekaa! Mguu umetokeza mbele kidogo, lakini amekaa, makalio kwenye kigoda, mrija mdomoni.

Niliamkia wote; wazee wa huku huitwa tata, yaani baba, ila mimi bado nasema mzee. Mmoja wa wazee wale, aliyedondosha fimbo siku ile, akanionyesha bega lake la kulia. Akatazama kando. Akasema, kama mtu anayezungumzia shamba la jirani, "Hapa kwangu kunanyesha tangu mwaka juzi."

Mwingine akakohoa. "Mimi ni mgongo. Rasharasha. Asubuhi ni mvua ya mawe."

Kumbe Rubeni alikuwa ametangaza, kama nilivyojua. Nilikuwa naogopa hilo kuliko kitu chochote, na wao walikuwa wananingoja.

Nikapiga hatua kumwendea yule wa bega. Werema akautoa mrija mdomoni.

"Ngoja. Umeanguka wewe."

"Kidogo tu, mzee. Haiumi."

Hakuutazama mguu niliokuwa nauburuta. Aliinama juu ya goti lake, nyuzi mia au zaidi, sikupima, akatazama vidole vya ule mguu wangu mwingine, ndani ya ndala.

"Mwongo," akasema. Akamwita mkewe alete kigoda cha pili na maji baridi. "Kaa hapa. Haya, sema. Kunanyeshaje?"

Nikakaa.

"Mvua kubwa, tata," nikasema.